Ufagio na Daftari: Somo juu ya Wajibu wa Wenyeji katika Miji Midogo



Mtu akitaja mji, mawazo yetu aghalabu hukimbilia Dar es Salaam na majumba yake marefu. Lakini hesabu yatuonyesha jambo lingine. Katika sensa ya mwaka 1967 nchi yetu ilikuwa na watu milioni 12 na laki tatu hivi, na katika kila watu 100 ni 6 tu hivi waliokaa mijini. Katika sensa ya mwaka 2022 tulihesabiwa watu 61,741,120, na katika kila watu 100 karibu 35 walikuwa wakaaji wa mijini. Mkoa wa Dar es Salaam peke yake ulikuwa na watu 5,383,728. Maana yake ni kwamba katika kila watu wanne wa mijini, watatu hivi hawakai Dar es Salaam. Baadhi yao wako katika majiji mengine kama Mwanza na Mbeya. Lakini wengi mno wako Moshi na Musoma, Iringa na Songea, Tabora na Kigoma, Korogwe, Babati, Makambako na Masasi, na katika miji mingine iliyokua penye soko, stendi au kituo cha reli.

Basi twauliza: miji hii midogo yajengwa na nani? Wako wanaojibu, "Na Serikali," kisha wakakaa barazani kungoja. Wako wengine wanaojibu, "Kila mtu na kiwanja chake," kisha wakajenga ukuta mrefu na kufunga lango. Majibu yote mawili yana upungufu. Katika somo hili twataka kuonyesha ya kuwa mji mdogo hupona au huugua kwa kadiri wenyeji wake wanavyoshika vitu viwili pamoja: ufagio na daftari. Ufagio ni kazi ya mikono yetu. Daftari ni sauti yetu katika mashauri ya mji, na hesabu ya mali tunayotoa. Ni aghalabu kuhimizwa kushika ufagio. Ni nadra kufundishwa kushika daftari.

I. JIRANI WA MJINI

Wengi wetu, au wazazi wetu, tumetoka kijijini. Huko kila mtu alijua kisima ni cha nani na njia ya mtoni husafishwa na akina nani. Ilipotangazwa siku ya msaragambo, asiyetokea aliulizwa sababu. Nyumba zilikuwa mbalimbali, na takataka za mmoja ziliishia katika mgomba wake mwenyewe.

Mjini sivyo. Mjini nyumba zakaribiana hata sauti ya kikohozi yasikika kwa jirani, lakini majirani wenyewe huenda wasijuane majina. Na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu watu wasiojuana wameunganishwa na vitu ambavyo havijali kama wanajuana: maji, mtaro, moshi, inzi na panya. Mwenye nyumba ya mtaa wa juu akitapisha choo chake wakati wa mvua, uchafu huo hauendi mbali; waenda kwa mwenziwe wa mtaa wa bonde, na watoto wa bonde ndio wanaocheza katika maji yale.

Ugonjwa wa kipindupindu watufundisha jambo hili kwa ukali kuliko mwalimu ye yote. Vijidudu vyake hutoka katika choo cha mgonjwa, vikaingia katika maji au chakula cha mtu mzima wa afya. Naye aweza kufa kwa kupungukiwa maji mwilini katika muda wa saa chache, asipopata tiba. Tangu Agosti 2015, ugonjwa huo ulipozuka Dar es Salaam na kuenea mikoani, hata mwaka 2018, watu zaidi ya 30,000 waliugua katika nchi yetu, na zaidi ya 500 walikufa. Hao hawakufa kwa kukosa elimu ya juu wala majumba ya fahari. Walikufa kwa sababu ya maji machafu na vyoo vibovu, yaani kwa mambo ambayo jamaa moja peke yake haiwezi kuyatengeneza hata ikiwa safi namna gani. Mama aweza kuchemsha maji ya nyumbani kwake kila siku. Lakini hawezi peke yake kuchemsha maji ya mji mzima.

II. TULILOJIFUNZA TANGU MWAKA 1972 HATA 1978

Nchi yetu imekwisha kupata somo kubwa juu ya jambo hili, nalo halifai kusahauliwa.

Mwaka 1972 Serikali ilianzisha mpango uliojulikana kwa jina la Madaraka Mikoani. Nia yake ilitangazwa kuwa njema: kuyatoa mashauri ya maendeleo Dar es Salaam na kuyapeleka karibu na wananchi. Lakini katika kufanya hivyo, halmashauri za wilaya zilifutwa, na zile za miji nazo zikafuata. Kazi zao zikashikwa na maafisa wa Serikali Kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Mji ukahesabiwa pamoja na mashamba yaliyouzunguka, wala haukuwa tena na baraza lake la kuusemea.

Matokeo yake yalionekana upesi. Barabara za miji hazikutengenezwa, taka hazikuzolewa, mitaro iliziba, na maji yakawa ya shida. Afisa aliyepelekwa alikuwa na mkubwa wake wa kumjibu, lakini mkubwa huyo hakuwa mwenye nyumba iliyoingiwa na maji ya mtaro. Mwenye nyumba naye hakuwa na diwani wa kumlalamikia. Kipindupindu kilipoenea nchini mnamo mwaka 1977 na 1978, kila mtu aliona wazi ya kuwa miji haikuwa na mlinzi. Mwaka 1978 ilitungwa sheria ya kurudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 zikatungwa sheria mbili za serikali za mitaa, Namba 7 kwa ajili ya wilaya na Namba 8 kwa ajili ya miji, na mwaka 1984 halmashauri zikasimama tena nchini kote upande wa Bara.

Mwaka huohuo wa 1984, Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mpango ule ulifanyika chini ya uongozi wake, alisema hadharani ya kuwa kama angeanza upya, yako mambo mawili asingeyafanya: kufuta serikali za mitaa, na kuvunja vyama vya ushirika vya wakulima. Ni neno la mtu mkubwa, nalo latufaa sana. Maana halikusema kwamba maafisa walikuwa wavivu au wezi. Walikuwamo wengi waliofanya kazi kwa bidii. Lilionyesha kwamba hata utumishi mwema hauwezi kushika nafasi ya wenyeji wenyewe.

Leo Katiba ya nchi, katika Ibara ya 145 na 146, yaamuru kuwapo kwa serikali za mitaa, na yataja kusudi lake: kupeleka madaraka kwa wananchi, ili washiriki katika kupanga na kutekeleza mambo ya maendeleo yao. Lakini ndugu, madaraka yaliyoandikwa katika kitabu ni kama jembe lililotundikwa ukutani. Shamba halilimwi mpaka litunguliwe.

III. UFAGIO, NA MPAKA WAKE

Tuseme kwanza juu ya ufagio, tusije tukadhaniwa kuudharau.

Tarehe 9 Desemba 2015, sherehe za Uhuru zilifutwa, na wananchi wakaitwa kufanya usafi. Kisha ikawekwa Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi kuwa siku ya usafi. Ni desturi njema, nayo yakumbusha msaragambo wa wazee wetu. Mtoto amwonaye baba yake akizibua mtaro wa njia, si wa uani kwake tu, hujifunza neno ambalo halimo katika kitabu cha shule: ya kuwa nje ya ua wake pia ni kwake.

Lakini tuangalie yanayotokea mara nyingi baada ya Jumamosi hiyo. Tope limetolewa mtaroni na kuwekwa kandokando. Mifuko ya taka imerundikwa njia panda. Wote wamerudi nyumbani wakiwa na furaha. Jumatatu gari la kuzoa taka halikuja, Jumanne halikuja. Alhamisi mvua ikanyesha, na lile tope likarudi mtaroni lilikotoka. Mwezi ujao watu wachache zaidi wakajitokeza, na mwezi wa tatu Mtendaji akaja na vitisho vya faini.

Je, watu hao walikuwa wavivu? Hapana. Walikuwa na ufagio pasipo daftari. Hakuna aliyeuliza kabla ya siku ile: gari litakuja lini? Ni nani aliyepewa kazi ya kuzoa taka za mtaa wetu, na kwa mapatano gani? Ile fedha ya taka tunayolipa kila mwezi yaingia wapi? Wahenga wetu wa biashara husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza: na jasho bila daftari hupotea vivyo hivyo.

IV. DAFTARI LA MJI

Sasa tueleze daftari hilo ni nini, maana wengi husikia habari za serikali za mitaa wakati wa kura tu.

Katika miji ya Tanzania Bara, ngazi ya chini kabisa ni mtaa. Mtaa una Mwenyekiti na kamati yake, waliochaguliwa na wakaaji kwa muda wa miaka mitano; uchaguzi wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Mtaa una pia Mtendaji, ambaye ni mtumishi wa kuajiriwa. Tena mtaa una mkutano wa wakaaji wake wote waliotimiza miaka 18. Angalieni neno hili, wakaaji: si wenye nyumba tu. Mpangaji wa chumba kimoja ana haki ya kusimama na kusema sawa na mwenye majumba matatu.

Hata hivyo yatupasa kusema ukweli juu ya udogo wa nguvu za mtaa. Kijiji kwa sheria chaweza kutunga sheria ndogo zake. Mtaa wa mjini hauwezi. Mtaa ukitaka jambo, sauti yake hupanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako wenyeviti wa mitaa hukaa pamoja na diwani, na kutoka hapo huenda kwenye halmashauri ya mji. Ndiyo sababu mtaa usioandika mambo yake hausikiki. Maneno ya mdomo huchoka njiani. Karatasi yenye tarehe, idadi ya waliohudhuria na sahihi haichoki.

Kuna mambo matatu ambayo kila mwenyeji yafaa ayajue.

La kwanza ni wakati. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini makisio yake huandaliwa miezi mingi kabla. Mtaa unaokumbuka kalvati lake mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa zimekwisha kulivunja, umechelewa kuingia katika hesabu za mwaka ule. Wenye busara hujadili haja zao mapema, kabla mwaka haujageuka, wakachagua moja au mbili zilizo kubwa. Orodha ya haja ishirini ni sawa na kutokuwa na orodha.

La pili ni sheria ndogo. Ushuru wa soko, ada ya taka, faini ya kutupa uchafu, haya yote huamuliwa kwa sheria ndogo za halmashauri. Sheria Namba 8 ya mwaka 1982 yaamuru kwamba wenyeji watangaziwe kwanza ile sheria inayokusudiwa, wapate kutoa maoni au pingamizi. Lakini tangazo hubandikwa ubaoni, na ni wangapi wetu wanaosimama kusoma mbao? Baadaye mama muuza mboga atozwapo ushuru asioujua, hulia na mtoza ushuru, hali saa ya kusema ilikwisha pita.

Sheria ndogo si adui wa raia, kama tunavyoona Moshi. Mji huo una sifa ya usafi nchini kwa miaka mingi, wala sifa hiyo haikuletwa na hewa ya Mlima Kilimanjaro. Hutunzwa na sheria ndogo za usafi zinazofuatwa kwa kweli, hata mgeni ashukaye stendi hupata kujua upesi ya kuwa kutupa taka ovyo ni kosa la kulipiwa faini. Sheria ikiwa ya wenyeji, wenyeji wenyewe huwa askari wake.

La tatu ni hesabu. Kila shilingi inayochangwa mtaani, iwe ya ulinzi, ya taka au ya kujenga darasa, yataka stakabadhi, na taarifa yake isomwe mbele ya mkutano. Kadhalika vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi; raia aweza kuingia, akaketi na kusikiliza, ijapokuwa hasemi. Si dharau kumwomba kiongozi hesabu. Kiongozi mwaminifu hufurahi kuulizwa, maana ndipo uaminifu wake unapojulikana. Asiyeulizwa kamwe hutiwa katika majaribu ambayo pengine hakuyatafuta.

Tena yafaa kujua mlango wa kugonga. Taka ni kazi ya halmashauri. Barabara za mitaa, tangu mwaka 2017, ziko chini ya wakala uitwao TARURA. Bomba lililopasuka ni la mamlaka ya maji, na nguzo ya umeme iliyoinama ni ya TANESCO. Diwani aweza kusukuma yote, lakini barua iliyopelekwa mlango usio wake hulala mezani.

V. WALIVYOFANYA HANNA NASSIF

Huenda mtu akasema, "Haya ni maneno mazuri, lakini yamewahi kufanyika wapi?" Tutatoa mfano mmoja. Umetoka Dar es Salaam, lakini mtaa wenyewe, wenye watu 20,000 hivi siku zile, ulilingana kwa wingi wa watu na mji mdogo wa mikoani, nao ulikuwa na taabu zilezile.

Hanna Nassif iko Kinondoni, kando ya bonde la Msimbazi. Nyumba zilijengwa bila ramani ya mipango miji, kama katika miji yetu mingi. Kila masika maji yaliingia vyumbani, vyoo vikafurika, na magonjwa yakafuata. Njia hazikupitika kwa gari. Kwa desturi ya zamani, mtaa wa namna hiyo ulingoja mambo mawili: kubomolewa au kusahauliwa.

Wenyeji walifanya jambo la tatu. Waliunda chama chao cha maendeleo, wakakubaliana juu ya haja iliyo kubwa kuliko zote, yaani kuyaondoa maji ya mvua. Kuanzia mwaka 1994, kwa msaada wa halmashauri ya jiji, wataalamu na mashirika ya kimataifa, likiwamo Shirika la Kazi la Kimataifa, walijenga mitaro ya mawe na saruji, na njia za kupita magari. Kazi iliendelea kwa awamu hata mwaka 2000.

Yatupasa kuangalia namna kazi hiyo ilivyofanywa. Wenyeji hawakuitwa kuchimba bure, kisha wakaambiwa asante. Chama chao kilitia sahihi mkataba, kikaajiri watu wa mtaa uleule, wanawake kwa wanaume, kikawalipa ujira. Wengine walijifunza kazi ya kupanga mawe, wengine kushika hesabu na kusimamia vifaa. Mitaro ilipokwisha, hawakuwa na mitaro tu. Walikuwa na watu waliojua bei ya mfuko wa saruji, maana ya mkataba, na jinsi ya kumhoji mhandisi. Kule ufagio na daftari vilishikwa na mikono ileile.

Mfano huu wafundisha pia kiasi. Wenyeji hawakutengeneza kila kitu peke yao. Mwinuko wa mtaro wahitaji mtu mwenye elimu ya upimaji. Saruji yahitaji fedha. Na mtaro wa mtaa lazima umwage maji katika mtaro mkubwa wa jiji, ambao mtaa hauwezi kuujenga. Wanaosema kwamba wananchi wajitegemee kwa kila jambo huwatwisha mzigo usio wao. Wanaosema kwamba Serikali ifanye yote hujivua mzigo ulio wao. Haki iko katikati, na mahali hapo pa katikati huandikwa katika mapatano yanayojulikana na pande zote mbili.

Siku hizi miradi mikubwa imefika katika miji ya mikoani. Tangu mwaka 2010, kwa mfano, Kigoma, Mtwara, Tanga na miji mingine kadhaa imepata barabara za lami na mitaro mipya kwa fedha za mkopo ambao nchi nzima italipa. Ni neema kubwa. Lakini mtaro ulio bora kuliko wote waweza kuzibwa na mifuko ya taka katika msimu mmoja, ikiwa watu wauonao kila siku hawautazami kuwa ni wao. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tusipozibua mtaro wa leo, watoto wetu watalipa mkopo wa mtaro wa pili.

VI. VISINGIZIO VITATU

Wako wanaosema, "Sisi tu maskini." Ni kweli, na umaskini si jambo la kudharauliwa. Mtu anayeondoka alfajiri kutafuta kibarua na kurudi usiku hana nafasi ya mikutano. Kwa hiyo mkutano na umfuate yeye: ufanyike saa na siku ambayo mama muuza soko, mwendesha bodaboda na kibarua waweza kufika. Mkutano wa saa nne asubuhi siku ya kazi huwa wa wastaafu na watumishi tu, kisha watu huambiwa hawapendi maendeleo. Lakini tukumbuke pia kwamba maskini ndiye apotezaye zaidi akinyamaza. Tajiri asipoletewa maji hununua ya gari. Maskini huchota mtaroni.

Wengine husema, "Sisi si wenyeji hapa, tumekuja kutafuta maisha tu, kwetu ni kijijini." Maneno haya yameharibu miji mingi. Mtu akaa mahali miaka ishirini, akaozesha, akazika, na bado ajiita mpita njia. Wazee wamesema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe siku yako ya tatu ilipita zamani. Kijiji chako ukipende. Lakini mtoto wako hanywi maji ya kijijini, anakunywa ya hapa.

Wa tatu husema, "Tumesema sana, hawatusikii." Hili ni zito kuliko mengine, maana mara nyingi ni la kweli. Wako viongozi wafichao hesabu, na yako mabaraza yenye maamuzi yaliyokwisha kufanywa kabla ya kikao. Hatuna dawa ya siku moja. Twasema tu kwamba sauti ya mtu mmoja aliyekasirika husahauliwa kesho, bali ombi moja, lililoandikwa, lenye sahihi za watu 100, likarudiwa katika kila mkutano kwa upole na bila kuchoka, hulemea. Na kura ya mwaka wa tano ipo. Kinachowafaa viongozi wabaya kuliko vyote ni raia mwema aliyekata tamaa.

VII. KAZI YA JAMAA

Jamaa, yaani baba, mama na watoto, ndiyo shule ya kwanza ya uraia. Mtoto akimwona baba akitupa chupa dirishani mwa basi, mafundisho yote ya shule yamepotea. Akimwona mama akidai stakabadhi kwa adabu, amejifunza haki bila hotuba. Basi twashauri mambo haya machache, ambayo kila nyumba yaweza kuyaanza mwezi huu.

Kwanza, jueni majina ya Mwenyekiti wa mtaa wenu, Mtendaji na diwani, na siku ya mkutano ujao. Pili, mmoja wa nyumba, baba au mama au kijana mkubwa, ahudhurie mkutano huo, na akirudi awasimulie wengine wakati wa chakula. Tatu, nyumba kumi zinazotumia mtaro mmoja au njia moja zijuane, zipange zamu ya kuutunza, na kuwa na daftari moja la michango yao, linaloshikwa na mtu mmoja na kukaguliwa na mwingine. Nne, vijana wasio na kazi wasiachwe kuwa watazamaji. Halmashauri kwa sheria hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu; kikundi chenye mpango wa kweli wa kuzoa taka au kutengeneza matofali chaweza kuomba. Tano, pandeni miti. Miembe mikubwa ya Tabora na Ujiji, ambayo hata leo yawapa watu kivuli, hukumbusha zama za misafara ya pwani na bara. Aliyepanda mwembe hakupanda kwa ajili ya kivuli chake.

Mji mdogo una bahati moja ambayo mji mkubwa umekwisha kuipoteza: bado unaweza kushikika. Diwani wake hununua nyanya soko lilelile tunalonunua sisi. Mhandisi wake hupita njia ileile yenye mashimo. Bonde lake halijajaa nyumba zote, na njia ya maji bado yaweza kuachwa wazi kabla mtu hajajenga juu yake. Lakini bahati hiyo ina muda wake. Miji yetu yakua kila mwaka, na kosa la leo la kuziba njia ya maji litakuwa gharika ya miaka kumi ijayo, likigharimu nyumba na roho za watu. Tushike basi ufagio kwa mkono mmoja na daftari kwa mkono wa pili, nasi tusiache hata kimoja.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI AU KATIKA VIKUNDI

1. Katika mtaa wetu, ni haja gani moja ambayo ikitengenezwa itawafaa watu wengi kuliko nyingine zote? Ni kazi ya nani kwa sheria, na ni sehemu gani iliyo yetu?

2. Fedha tunazochanga mtaani husomwa hesabu yake lini na wapi? Ikiwa hazisomwi, ni nani atakayeuliza, na kwa maneno gani ya adabu?

3. Ni akina nani wasiofika mkutanoni kwetu: wapangaji, akina mama, vijana, wagonjwa? Tufanye nini ili sauti yao ifike?

4. Mvua kubwa ikinyesha usiku huu, maji ya uani kwetu yatakwenda kwa nani?